Jua Tunalo Tele, Taa za Nini?

Kila zama na neno lake. Baba zetu walikuwa na neno "uhuru", wengine wao wakalifia. Kisha likaja neno "maendeleo", likahubiriwa kila jukwaani. Neno linalotawala siku hizi ni "kisasa". Tuna shule za kisasa, nyumba za kisasa, mavazi ya kisasa na hata mazishi ya kisasa. Mimi ni mwalimu wa isimu, na mtu wa kazi yangu hawezi kulipita neno kama hili bila kulisimamisha na kuliuliza limebeba nini. Nililisimamisha, nikaona mzigo wake ni mwepesi mno. Neno "kisasa" hutuambia kitu kimekuja lini. Halituambii kinafanya kazi gani, wala kinamfaa nani.

Upungufu huo ungekuwa porojo la wanaisimu tu lau neno lenyewe lisingetumiwa kuwatoa watu fedha mifukoni. Lakini linatumiwa, na mfano ninaotaka kuujadili katika makala haya ni wa kilimo cha ndani, yaani kilimo kinachofanywa chini ya paa au ndani ya chumba badala ya shamba lililo wazi. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya shule moja ya upili iliyoletewa mapendekezo mawili. La kwanza lilikuwa kujenga kivungulio cha mita 8 kwa 15. La pili lilikuwa kununua chumba kizima kisicho na dirisha, chenye rafu kutoka sakafuni hadi darini, taa za umeme juu ya kila rafu, na mboga zinazokua katika maji yaliyotiwa virutubishi bila hata chembe ya udongo. Fedha za wazazi zilitosha pendekezo moja tu. Swali la kwanza lililoulizwa kikaoni halikuwa ni lipi litakalowalisha wanafunzi, bali ni lipi lililo la kisasa zaidi. Hapo nikajua kwamba neno limekwisha kutuamulia.

Swali hili haliihusu shule hiyo peke yake. Tangu wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi walipoingia sekondari ya chini mwaka 2023, somo la kilimo limewafikia watoto wengi, wakiwamo wale wa mijini ambao shule zao hazina hata robo ekari ya kulima. Walimu wanatakiwa wafundishe kwa vitendo, na wauzaji wa mitambo wanalijua hilo. Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Walisema kweli kwa wakati wao, maana majembe yalikuwa yakifanana. Leo jembe moja laweza kumeza bajeti ya shule nzima, na asiyechagua ndiye asiye mkulima.

Majina na yalikotoka

Tuanze na majina, maana mara nyingi jina huficha historia ya kitu. Magazeti yetu hukiita kivungulio. Huko Tanzania wengi husema kitalu nyumba. Naye mkulima wa kawaida husema tu hema la plastiki, au hulitamka jina la Kiingereza kwa lafudhi ya kwao. Wapo pia wanaotafsiri neno kwa neno wakasema "nyumba ya kijani", ilhali nyumba yenyewe haina ukijani wowote ila ule wa mimea iliyomo.

Jina hilo la Kiingereza lilikuwa na maana yake. Katika karne ya 17 matajiri wa Uingereza walijenga nyumba za kuhifadhia miti isiyopukutisha majani, kama vile michungwa, isije ikauawa na baridi ya kipupwe. Kwa kuwa miti hiyo hubaki na rangi ya kijani mwaka mzima, iliitwa kwa jina la rangi hiyo, na nyumba yake ikafuata. Wazo lenyewe lilikuwa la kale zaidi. Waandishi wa Kirumi walisimulia jinsi Kaisari Tiberius, aliyefariki mwaka 37 baada ya Kristo, alivyolimiwa matango katika vitanda vyenye magurudumu. Vitanda hivyo vilisukumwa juani, na siku za baridi vikafunikwa kwa mawe membamba yanayopitisha mwanga.

Ifahamike basi kwamba katika asili yake nyumba hii ilijengwa ili kununua kitu kimoja kilichokosekana, nacho ni joto. Hadi leo Uholanzi, yenye karibu hekta 10,000 za nyumba za vioo, huzipasha moto kwa kuchoma gesi. Bei ya gesi ilipopaa mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, wakulima wengi wa huko waliacha nyumba zao gizani na tupu msimu wa baridi ulipofika.

Sisi je? Nairobi iko umbali wa digrii moja na ushei tu kutoka mstari wa Ikweta. Mchana wetu una takriban saa 12 Januari na saa 12 Julai. Hatuna theluji ya kuikimbia, isipokuwa kileleni mwa Mlima Kenya, ambako hakuna alimaye. Iwapo kivungulio kilibuniwa ili kutafuta joto, tunakitakia nini?

Tunakitakia mambo mengine, na ni mambo ya maana. Nyanya haifi kwa kukosa joto katika sehemu nyingi za nchi hii. Hufa kwa mvua. Majani yanapolowa kutwa kucha, ugonjwa wa blaiti hushika, na shamba lililokuwa la kijani Jumatatu huwa kama limepitiwa na moto kufikia Jumapili. Paa la plastiki huyaweka majani yakiwa makavu, na mipira ya matone huyapeleka maji kwenye mizizi peke yake. Neti za pembeni huzuia wadudu. Mvua ya mawe, ambayo wakulima wa nyanda za juu wanaijua vizuri, hugonga plastiki badala ya kugonga matunda. Huko Kinangop na Limuru, ambako usiku ni wa baridi kali, kivungulio pia huhifadhi joto la mchana kwa saa kadhaa. Naivasha hatutumii gesi kuvuka kipupwe kama Uholanzi, lakini maua hukuzwa chini ya plastiki ili yafike sokoni bila doa la mvua. Kwa ufupi, kivungulio cha Mzungu ni koti; chetu ni mwavuli. Anayekinunua hana budi kujua ananunua kipi kati ya hivyo viwili.

Wima wa aina mbili

Jina la kilimo cha wima nalo lina kisa chake. Mwaka 1915 Mmarekani Gilbert Ellis Bailey alichapisha kitabu chenye jina hilo, lakini hakuwa akizungumzia ghorofa wala rafu. Alikuwa akizungumzia kwenda chini, yaani kutibua udongo kwa kina, hata kwa baruti, ili mizizi ipenye. Neno likabaki na maana ikageuka kutoka chini kwenda juu, jambo ambalo mwanaisimu hulikuta mara nyingi.

Maana ya sasa ilipata nguvu mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Columbia, jijini New York. Profesa Dickson Despommier na wanafunzi wake walijiuliza ni watu wangapi wa kisiwa cha Manhattan ambao wangeweza kulishwa kwa mazao yanayopandwa juu ya mapaa. Wanafunzi wakapiga hesabu, wakapata kama asilimia 2 tu. Hapo ndipo ilipozuka fikra ya kuingiza shamba ndani ya jengo na kulipandisha ghorofa juu ya ghorofa. Nakipenda kisa hiki kwa sababu kilianzia darasani, na kilianza kwa wanafunzi kuhesabu kabla ya kushangilia. Hiyo ndiyo sehemu ya kisa ambayo wengi wa wanaotuuzia mitambo huisahau.

Ipo tofauti kubwa iliyofichwa ndani ya jina hili moja. Kuna wima wa jua na kuna wima wa taa.

Wima wa jua tunaujua vyema humu nchini, ingawa hatuuiti kwa jina hilo. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, shirika la Solidarités kutoka Ufaransa liliwasaidia wakazi wa Kibera mwaka 2008 kupanda mboga katika magunia. Njia yenyewe ni nyepesi. Gunia husimamishwa, na katikati yake huwekwa kopo lisilo na kitako wala kifuniko, likajazwa kokoto. Pembeni mwa kopo hutiwa udongo uliochanganywa na mbolea, kisha kopo huvutwa juu na kujazwa tena, mpaka gunia lijae na nguzo ya kokoto isimame katikati. Maji yakimiminwa juu hupita katika kokoto na kufika kila upande. Ubavuni hutobolewa matundu, na katika kila tundu huchomekwa mche wa sukuma wiki, managu au terere. Mahali pa kuweka kiti kimoja mama hupata miche 30 na zaidi. Huo ni wima, tena wima kamili, na haujamdai mtu hata senti moja ya umeme.

Singapore, nchi ambayo huagiza zaidi ya asilimia 90 ya chakula chake kutoka nje, ilifanya jambo la jamii hiyo kwa ufundi mkubwa zaidi. Mwaka 2012 shamba la Sky Greens lilianza kuuza mboga zilizokuzwa katika minara ya alumini yenye urefu wa mita 9, iliyosimamishwa ndani ya nyumba ipitishayo mwanga. Vihori vya mboga huzunguka polepole kwenye mnara ili kila kimoja kipate zamu yake ya jua. Hapa kivungulio na wima havikugombana hata kidogo. Kimoja kilimbeba mwenzake.

Wima wa taa ni kitu kingine kabisa. Humo jua limefungiwa nje, na kazi yake yote imekabidhiwa kampuni ya umeme.

Hesabu ya mwanga

Mwanafunzi wa kemia anajua moli. Wataalamu wa mimea hupima mwanga kwa moli pia, yaani huhesabu chembe za mwanga ambazo jani linaweza kuzitumia. Letasi, ile mboga ya saladi ambayo mashamba ya taa huipenda kuliko zote, hutaka kama moli 15 kwa kila mita mraba kwa siku ili ikue vizuri. Taa nzuri ya LED hutoa takriban moli 3 kwa kila megajuli moja ya umeme. Tunahitaji basi megajuli 5, sawa na yuniti 1.4 za umeme kwa siku kwa kila mita mraba ya rafu. Kwa mwezi wa siku 30 hizo ni yuniti 42.

Tukadirie kwamba yuniti moja inatugharimu shilingi 25 pamoja na kodi zake. Mita mraba moja itatutoza shilingi 1,050 kwa mwezi. Tukadirie tena, kwa ukarimu, kwamba mita hiyo inatupatia kilo tatu na nusu za letasi kwa mwezi. Umeme wa taa peke yake umekwisha kula shilingi 300 kwa kila kilo, kabla hatujalipia feni, pampu, mtambo wa kupoza chumba, mbegu, virutubishi na mshahara wa mtu mmoja. Mwalimu na aipeleke hesabu hiyo sokoni Gikomba au Kongowea, akailinganishe na bei ya fungu la sukuma wiki.

Sasa tutoke nje ya chumba. Jua la Nairobi humwaga kwa wastani kama yuniti 5 za nishati kwa kila mita mraba kwa siku. Tukiihesabu kwa moli, tunapata takriban moli 35 za mwanga unaotumiwa na mimea, zaidi ya maradufu ya mahitaji ya letasi. Hata tukiondoa robo nzima inayozuiwa na plastiki na vumbi, bado tunabakiwa na zaidi ya moli 25. Mwanga huo hauna mita, hauna bili, wala haukatwi mwisho wa mwezi. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu ni jua hili.

Najua jibu litakalotolewa: tufunge paneli za sola, umeme uwe wa bure. Hebu tuendelee kuhesabu. Paneli hugeuza takriban sehemu moja ya tano ya nishati ya jua kuwa umeme. Mita mraba moja ya paneli itatupatia kama yuniti moja kwa siku, nasi tunahitaji yuniti 1.4 kwa kila mita mraba ya rafu, ghairi ya upotevu wa betri na matumizi ya feni. Twahitaji basi kati ya mita mraba moja na nusu na mbili za paneli kwa kila mita moja ya rafu. Rafu tano zilizopandiana, ambazo tuliambiwa zitatuokolea ardhi, zitadai kama mita nane au kumi za paa. Tutakuwa tumelishika jua, tukaligeuza umeme, tukaugeuza umeme kuwa mwanga tena, na katika kila mgeuzo tukapoteza sehemu, ili tuipatie mboga kile ambacho ingekipata bure kama tungeitoa nje.

Yaliyowapata wenzetu

Huenda msomaji akadhani nalionea wivu jambo la watu. Tuyatazame basi yaliyotukia. Kampuni ya AeroFarms ya Newark, Marekani, iliyokuwa na sifa duniani kote, ilikwenda mahakamani Juni 2023 kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Bowery Farming ilifunga milango Novemba 2024. Plenty nayo ilifuata njia ya mahakama Machi 2025. Nchini Ujerumani, Infarm ilitangaza mwishoni mwa mwaka 2022 kwamba ingepunguza zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake. Kampuni hizi hazikukosa wataalamu wala mitaji. Zilitumia mikopo na umeme wa gharama kubwa kukuza mboga ambazo mnunuzi aliweza kuzipata kwa bei nafuu zikiwa zimetoka chini ya jua.

Insafu inanitaka niseme pia kwamba vioo navyo havina kinga. AppHarvest ya Kentucky haikuwa shamba la taa lisilo na dirisha. Ilikuwa na vivungulio vikubwa vya nyanya, nayo iliomba kinga ya mahakama Julai 2023. Anayejenga kikubwa kuliko soko lake na kwa deni kuliko uwezo wake huanguka, awe chini ya kioo au chini ya taa.

Vilevile yapo mahali ambapo shamba la taa lina hoja. Mwaka 2022 lilifunguliwa Dubai shamba la Bustanica, lenye uwezo wa kutoa zaidi ya kilo milioni moja za mboga za majani kwa mwaka. Wapo wanaotuonyesha picha zake na kutuuliza tunangoja nini. Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Dubai ni jangwa. Joto la kiangazi hupita digrii 40, na maji mengi ya kunywa hutoka baharini baada ya kuchujwa chumvi. Shamba lililofungwa hutumia maji yale yale tena na tena, na huweza kuokoa zaidi ya asilimia 90 ya maji ambayo shamba la wazi lingetumia. Watu wa Dubai wamekosa maji na ubaridi, wana nishati na fedha. Wakanunua walichokosa kwa kutumia walicho nacho. Sisi tukiiga chumba chao tutakuwa tunanunua tulicho nacho, yaani mwanga, kwa kutumia tulichokosa, yaani umeme wa nafuu usiokatika. Hatujasahau Agosti 25, 2023, umeme ulipopotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Gunia la Kibera halikujua kwamba kuna giza. Katika chumba cha taa, pampu ikisimama, mizizi inayoning'inia hewani au kukaa katika maji membamba huanza kukauka, na mwalimu hana la kufanya ila kuomba.

Mwavuli nao huvuja

Nisieleweke kwamba kivungulio ni dawa ya kila ndwele. Naijua shule moja, ambayo jina lake si muhimu hapa, iliyojengewa kivungulio kwa mbwembwe, kwa hotuba na kwa kukata utepe. Msimu wa kwanza nyanya zilikuwa nyingi hata zikauzwa kwa majirani. Shule ikapanda nyanya tena, na tena. Msimu wa nne miche ilinyauka ikiwa mibichi, mmoja baada ya mwingine, kama iliyomwagiwa maji ya moto. Huo ni mnyauko wa bakteria, ugonjwa unaokaa udongoni na kungoja nyanya irudi. Shambani mkulima angehamia kipande kingine. Ndani ya mita 8 kwa 15 hakuna pa kuhamia. Plastiki ikapasuka, na aliyeifadhili hakuwa ameacha fedha za kununua nyingine. Leo mbavu za chuma zimesimama pale kama mifupa ya nyangumi.

Mafunzo ni matatu. La kwanza, kivungulio kinataka mzunguko wa mazao. Baada ya nyanya usipande pilipili, biringani wala viazi, maana ni ukoo mmoja na maradhi yao ni ya ukoo. Panda kunde, vitunguu au sukuma wiki, ama kuza nyanya katika mifuko yenye udongo safi. La pili, plastiki ni kitu cha kuisha. Hata ile iliyotiwa dawa ya kustahimili jua hudumu miaka michache tu, kwa hivyo fedha za kuibadilisha zianze kuwekwa siku ile ile ya kwanza. La tatu, neti iliyotoboka si neti. Nondo wa nyanya, mdudu mwenye asili ya Amerika Kusini aliyeripotiwa humu nchini mwaka 2014, huhitaji tundu moja na mlango mmoja ulioachwa wazi na mwanafunzi mwenye haraka.

Fauka ya hayo, hali ya hewa ya nchi hii si moja. Huko Pwani hema la plastiki huwa tanuri. Chavua ya nyanya hudhoofika joto likipita digrii 35, maua yakaanguka bila kuzaa, na mkulima akabaki na majani ya kutazama. Mwalimu wa Mombasa au Lamu hahitaji plastiki; anahitaji banda la neti, lenye kivuli kidogo na upepo mwingi. Atakayempelekea kivungulio cha Limuru kwa sababu kilifaulu Limuru hatakuwa amemsaidia.

Maswali ya kuuliza

Ushauri wangu kwa halmashauri ile, na kwa shule yoyote iliyo njia panda, ni kuuliza maswali manne kabla ya kuuliza lipi ni la kisasa. Tumekosa nini hasa: ardhi, maji, joto, ubaridi, au kinga ya mvua na wadudu? Tunacho nini kwa wingi ambacho hatukilipii? Mtambo ukiharibika Ijumaa jioni, nani hapa kijijini anaweza kuutengeneza Jumamosi? Na mboga zitakazotoka zitaliwa na nani, kwa bei gani?

Shule ya nyanda za juu yenye nafasi na mvua nyingi, majibu yake yataielekeza kwenye kivungulio. Shule ya Pwani yataielekeza kwenye banda la neti. Shule ya Mathare au Kibera, isiyo na uwanja ila ua wa saruji, yataielekeza kwenye magunia na rafu zilizowekwa juani, mradi udongo na maji yawe safi. Mboga iliyomwagiliwa maji ya mtaro ni hatari kuliko njaa ya mchana mmoja. Penye kivungulio tayari, rafu na mifuko ya kuning'iniza yaweza kuongezwa upande unaopata jua, nao wima ukawa mgeni ndani ya nyumba ya mwenzake. Kuhusu taa, nazo zina mahali pake. Migomba inayozalishwa kwa tishu, kama inavyofanywa katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, huanza maisha yake katika chupa chini ya taa, kwa sababu mche mmoja mdogo usio na ugonjwa una thamani kubwa na hutumia nafasi ndogo. Taa humlea mtoto kwa wiki kadhaa. Haifai kumlisha mtu mzima maisha yake yote.

Tusisahau pia kwamba mbinu zote hizi ni za mboga na matunda machache. Ugali hautatoka rafuni. Mahindi, maharagwe na muhogo vitaendelea kutegemea shamba na mvua, na ukame uliotupiga kwa misimu mitano mfululizo kati ya 2020 na 2022 haukuponywa na letasi. Anayewaambia wanafunzi kwamba kilimo cha ndani kitaimaliza njaa anawadanganya. Anayewaambia kwamba kitaipamba sahani ya githeri kwa mboga mbichi mwaka mzima anawaambia kweli.

Kwa walimu wenzangu nina pendekezo moja lisilo na gharama. Kabla shule haijanunua chochote, wapeni wanafunzi kazi ya muhula mmoja. Wapande gunia moja juani na lingine chini ya kipande cha plastiki, wapime maji kila siku kwa kikombe, wahesabu miche iliyokufa, wapime uzito wa mavuno, na waandike kila shilingi iliyotumika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Somo la hesabu litapata takwimu zake, kemia itapata moli zake, na mwalimu wa Kiswahili atapata insha zenye kitu ndani yake. Muuzaji atakapokuja na picha zake nzuri na neno lake "kisasa", wanafunzi wale wale wafungue daftari lao na kumuuliza yuniti ngapi kwa kilo.